Mtoto akivimba midomo baada ya uji, usilaumu meno

Tuseme wewe ni mama wa mtoto wa miezi saba, na makao yako ni Lanet, mjini Nakuru. Mtoto amenyonya vizuri na uzani wake unapendeza. Sasa umeanza kumpa uji wa unga wa mchanganyiko ulionunua sokoni. Siku ya tatu, kabla hajamaliza kikombe, vipele vinamtoka mashavuni, midomo inavimba, kisha anatapika.

Jirani anakwambia ni meno. Nyanya yake anasema uji ulikuwa moto mno. Mwenye duka la dawa anakupa dawa ya minyoo. Wiki mbili baadaye mambo yanarudi vilevile, na mara hii kifua cha mtoto kinalia kama filimbi.

Hivyo ndivyo wazazi wengi huzunguka huku na huku kabla ya kulisikia neno mzio, au aleji kama tulivyozoea kusema.

Mzio ni nini?

Kazi ya kinga ya mwili ni kupigana na viini vya maradhi. Kwa mtoto mwenye mzio, kinga hiyo hukosea na kuiona protini ya chakula kama adui. Mwili hutoa kemikali, mojawapo ikiwa histamini, ambazo huleta mwasho, uvimbe, kutapika na shida ya kupumua. Mara nyingi dalili hizi hutokea dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Kuna mzio mwingine unaokawia, ambao huleta kuhara, kutapika au damu kwenye choo saa kadhaa baadaye.

Vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, simsim, samaki na kamba. Sasa utazame tena ule unga wa uji. Pamoja na wimbi na mahindi, mara nyingi hutiwa soya, karanga na omena. Katika kikombe kimoja mna washukiwa watatu, na mama hana njia ya kujua mkosaji ni yupi.

Kwa hiyo ni heri uanze na uji wa nafaka moja, kisha uongeze chakula kipya kimoja kimoja, tena asubuhi au mchana ili uweze kumtazama mtoto.

Maziwa yetu

Katika eneo hili la ng'ombe wa maziwa, kuanzia Molo hadi Bahati, ni vigumu mzazi kuamini kwamba maziwa yanaweza kumdhuru mtoto. Lakini yanaweza. Wengi hukimbilia maziwa ya mbuzi, na hilo ni kosa, kwa sababu protini zake zinafanana sana na za ng'ombe. Maziwa ya mala na mursik pia hayafai, kwani kugandisha hakuondoi mzio.

Usichanganye mzio na tatizo la kushindwa kusaga sukari ya maziwa. Tatizo hilo huleta gesi na kuhara, na huwapata zaidi watoto wakubwa na watu wazima. Linasumbua, lakini haliui.

Usiache kumnyonyesha mtoto wala kumnyima maziwa bila ushauri wa daktari. Watoto wengine wamepatwa na utapiamlo kwa kukatazwa vyakula ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Jinsi ya kumgundua mkosaji

Nunua daftari. Andika kila anachokula mtoto, saa aliyokula, dalili zilizotokea na baada ya muda gani. Hifadhi pakiti ya unga au biskuti yenye orodha ya viungo. Kisha peleka daftari hilo kwenye kituo cha afya na uombe kuelekezwa kwa daktari wa watoto, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH.

Daktari anaweza kuagiza kipimo cha ngozi au cha damu. Vipimo hivi havipatikani kila mahali, na peke yake havitoshi, kwa maana mtu anaweza kuonyesha dalili kwenye kipimo na bado akala chakula hicho bila taabu. Ndiyo maana maelezo yako yana uzito mkubwa. Kamwe usimjaribu mtoto nyumbani kwa chakula kilichowahi kumvimbisha au kumbana pumzi.

Wakati wa hatari

Mtoto akipumua kwa shida, akilegea, sauti ikikauka au ulimi ukivimba, mkimbize hospitali mara moja. Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini ya pajani. Dawa ya mwasho kama Piriton haiwezi kuchukua nafasi yake.

Je, tuogope karanga?

Zamani wazazi katika nchi za Magharibi walishauriwa kuchelewesha karanga. Utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 na kutangazwa mwaka wa 2015 uligeuza ushauri huo: watoto walioanza kula karanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini sana kuliko walionyimwa. Mpe zikiwa zimesagwa laini kabisa, kwani karanga nzima humkaba mtoto. Ikiwa ana ukurutu mkali au mzio wa mayai, mwone daktari kwanza.

Habari njema ni kwamba watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai hupona wanapokua. Ule wa karanga na samaki mara nyingi hubaki. Hadi daktari aseme vingine, mwarifu yaya, mwalimu wa chekechea na hata nyanya, ambaye kwa upendo tu huficha mandazi ya mayai ndani ya leso.