Ukingo wa Miwani

Wanafunzi wenzangu, chukueni kioo cha kukuzia, mkishike juu kidogo ya ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba. Katikati mtaona mistari imenyooka. Lakini karibu na ukingo mistari hupinda na kufifia, na pengine huonyesha rangi kama za upinde wa mvua. Kioo ni kimoja na daftari ni lile lile. Basi kasoro hii yatoka wapi? Jambo hili liliwasumbua mafundi wa miwani kwa muda wa miaka 600 na zaidi.

Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia karibu na mwaka 1286. Vioo vyake vilibenuka pande zote mbili kama punje ya dengu, navyo viliwafaa wazee wasioweza tena kusoma maandishi ya karibu. Baadaye vikapatikana vioo vilivyobonyea, kwa watu wasioona mbali. Mvaaji aliona vema alipotazama mbele moja kwa moja, lakini akigeuza macho pembeni bila kugeuza kichwa, vitu vilififia.

Sababu ni hii. Kazi ya kioo ni kupinda miale ya mwanga ili ikutane mahali pamoja nyuma ya jicho. Miale ipitayo katikati hukutana vizuri. Ile ipitayo mshazari karibu na ukingo haikutani penye nukta moja, bali nukta hugeuka kuwa kistari. Nalo jicho halitulii. Huzunguka huku na huku kutwa nzima.

Mwaka 1804 Mwingereza William Hyde Wollaston alipata hati ya uvumbuzi wa kioo chenye umbo la kigae cha chungu, upande wa ndani umebonyea kulielekea jicho. Hivyo jicho likigeuka bado hukikuta kioo karibu kwa unyoofu. Fikra ilikuwa nzuri, ila hesabu yake haikukamilika.

Mwingereza mwingine, George Biddell Airy, mtaalamu wa nyota, aligundua kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa na kasoro ya namna hiyo hiyo ndani yake: nukta ya mwanga aliiona kama mstari. Mwaka 1825 akaagiza kioo ambacho upande wake mmoja umepinda kwa mwelekeo mmoja tu, kama ubavu wa chupa, naye akaona sawasawa. Hata leo watu wengi husaidiwa na vioo vya namna hiyo.

Kasoro ya ukingo ilipata dawa kutoka mji wa Jena, Ujerumani. Huko Moritz von Rohr, wa kampuni ya Zeiss, alikadiria jinsi jicho linavyozunguka, akapiga hesabu ya mpindo ufaao kwa kila nguvu ya kioo. Vioo vyake, vilivyoitwa Punktal, vilianza kuuzwa mwaka 1912.

Je, mambo yamekwisha? La. Siku hizi vioo vingi ni vya plastiki. Ile iitwayo polikaboneti ni nyepesi na haivunjiki upesi, lakini hutawanya rangi zaidi kuliko kioo cha kawaida. Wataalamu hupima jambo hili kwa namba ya Abbe: kioo cha kawaida hupata kama 59, polikaboneti kama 30, na namba ikiwa ndogo, rangi hutawanyika zaidi. Ukipata hili, unapoteza lile.

Basi tujifunze nini? Kwanza, tusiazimane miwani. Katikati ya kila kioo panapaswa kuelekea mboni ya mvaaji. Miwani iliyopimiwa mtu mwingine yaweza kukufanya utazame kwa ukingo siku nzima, na malipo yake ni maumivu ya kichwa. Pili, mwenzetu akikosea kunakili maneno ya ubaoni, tusifanye haraka kumwita mvivu au mjinga. Kwanza aende akapimwe macho.