Je, Wajua? Sekunde Sifuri Ilikuwa Saa Tisa Usiku

Je, wajua kwamba seva inayoendesha tovuti haijui Jumatatu wala Desemba? Inachojua ni hesabu moja ya sekunde, iliyoanza tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za UTC. Iambie lugha ya PHP itumie saa za Africa/Nairobi, kisha andika date("H:i", 0). Jibu ni 03:00. Kwetu sekunde ya kwanza ilipita saa tisa usiku, watu wamelala.

Herufi nazo zina vituko. Kwenye date(), m ni mwezi. Dakika ni i. Ukikosea ukaandika "H:m" mwezi Machi, saa yako itaganda kwenye dakika ya 03 mpaka Aprili iingie.

Na je, wajua kwamba kwa JavaScript Januari ni mwezi wa 0 na Desemba ni wa 11, ilhali siku za mwezi zinaanzia 1 kama kawaida? Brendan Eich aliiunda lugha hiyo kwa siku kumi, Mei 1995, na mambo ya tarehe yakachukuliwa kutoka Java jinsi yalivyo. Java wenyewe walizitupa mkono amri nyingi za namna hiyo muda mfupi baadaye. JavaScript imebaki nazo, maana kuzigusa ni kuvunja tovuti za watu.

Tukirudi kwa PHP, strtotime("03/04/2025") ni Machi 4, Kimarekani. Weka vistari badala ya mikwaju, 03-04-2025, na sasa ni tarehe 3 Aprili. Hakuna onyo lolote.

Kuna hili la kodi ya nyumba. Mpangaji amelipa tarehe 31 Januari 2025, na programu inatafuta tarehe ijayo kwa "+1 month". PHP inakwenda tarehe 31 Februari, inakuta haipo, inasogeza mbele siku tatu zilizozidi na kutua tarehe 3 Machi. Februari nzima imerukwa. Mwenye nyumba hatacheka. Dawa ni "last day of next month", inayotoa 28 Februari.

Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi anaweza kuzaliwa Februari pia. JavaScript ikipewa new Date("2025-03-01") huisoma kama saa sita usiku ya UTC. Kivinjari cha Mombasa kitaonyesha tarehe 1, saa tisa usiku. Cha shangazi aliye Chicago kitaonyesha tarehe 28 Februari, saa kumi na mbili jioni. Ongeza T00:00 mwishoni mwa tarehe hiyo na kila kivinjari kitafuata saa za mahali kilipo.

Je, wajua kwamba Nairobi haikuwa saa tatu mbele ya UTC siku zote? Mwaka 1935 ilikuwa mbele kwa saa mbili na nusu, na mwaka 1941 kwa saa mbili na dakika 45. Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na PHP inayakumbuka hayo yote. Africa/Kampala na Africa/Dar_es_Salaam siku hizi mara nyingi ni majina tu yanayoelekezwa Nairobi, kwa hiyo usiyategemee kwa historia ya saa za Dar. Kongo ina kanda mbili: Kinshasa ipo saa moja nyuma ya Lubumbashi.

Saa zetu za Kiswahili hazina herufi yake kwenye date(). Chukua saa ya mfumo wa 24, jumlisha 6, gawanya kwa 12, shika baki. Baki likiwa 0, ni saa kumi na mbili. Saa 13 inatoa saba. Neno "mchana" utaliongeza mwenyewe.

Tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mifumo inayohifadhi sekunde kwa biti 32 itajaa, na sekunde itakayofuata itasomeka Desemba 1901. Lakini mkopo wa miaka 15 uliotolewa 2025 unaisha 2040, na safu ya TIMESTAMP ya hifadhidata ya MySQL haiwezi kuuandika mwaka huo hata leo. JavaScript haina shida hiyo: kalenda yake inakoma Septemba ya mwaka 275760.