Saratani Imekwisha, Mate Je?

Aliyetibiwa kwa mionzi saratani ya nyuma ya pua mara nyingi hujulikana kwa chupa ya maji, haimtoki mkononi. Mkate mkavu haushuki bila kusukumwa kwa maji, na usiku huamka ulimi umegandamana na kaakaa. Uvimbe umeondoka, na mate yameondoka nao.

Saratani hii huota kwenye nasofarinksi, uwazi ulio nyuma ya pua na juu ya kimio. Huwapata zaidi watu wa kusini mwa China, hasa Guangdong na Hong Kong, na huhusishwa na virusi vya Epstein-Barr, vilivyotambuliwa London mwaka 1964 katika seli za uvimbe wa mgonjwa kutoka Uganda. Kisu cha mpasuaji hakifiki huko kwa urahisi, kwani ni chini kabisa ya fuvu. Heri ni kwamba uvimbe wenyewe hauhimili mionzi. Ukigunduliwa katika hatua ya kwanza, dozi ya takribani grei 70, inayogawanywa kwa wiki 6 hadi 7, huwawezesha zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 kuwa hai miaka 5 baadaye.

Kuwa hai katika hali gani?

Zamani mionzi ilipenya kwa mihimili mipana kutoka kulia na kushoto, ikiziunguza tezi za mate zilizo karibu na masikio. Siku hizi kompyuta hupanga miale ya ukali tofauti kutoka pembe nyingi, ili tezi hizo ziepushwe. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 60 wa hatua za mwanzo, ulipima tofauti hiyo: baada ya mwaka mmoja, asilimia 82 ya waliotibiwa kwa njia ya zamani walikuwa na ukavu mkali wa kinywa. Kwa njia mpya, asilimia 39.

Madhara mengine hujitokeza miaka mingi baadaye: usikivu hupungua, tezi ya thairoidi huzembea, taya hukaza, meno huoza. Hata kung'oa jino kunataka tahadhari, kwa kuwa mfupa wa taya uliopigwa mionzi huenda usipone.

Katika hatua ya pili, madaktari walizoea kuongeza dawa za kemikali. Mwaka 2022 watafiti wa China walitoa matokeo ya wagonjwa 341 wenye hatari ndogo. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai bila ugonjwa kurejea walikuwa asilimia 90.5 kwa mionzi peke yake na 91.9 kwa waliochanganyiwa dawa. Madhara makali yaliwapata asilimia 17 dhidi ya 46.

Nafuu hiyo ni ya anayewahi. Uvimbe shingoni usiouma, sikio moja lililoziba au damu puani, vikizidi wiki 3, mwone daktari wa masikio, pua na koo.