Picha Huita Wageni, Ulinzi Huwapokea

Mwezi Aprili mwaka 2019, askari mmoja wa Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alijipiga picha kwa simu yake. Nyuma yake walisimama gorila wawili mayatima, Ndakasi na Ndeze, wima mithili ya binadamu. Mitandao ya kijamii ikaieneza picha hiyo, na katika muda wa siku chache ilikwisha kuzunguka dunia.

Zamani sifa ya nchi ilienezwa na vitabu, magazeti na mabalozi. Siku hizi picha moja ya mpita njia yaweza kuifanya kazi hiyo, na wageni wengi huchagua pa kwenda kwa kufuata walichokiona katika simu. Miongoni mwa picha za Afrika zinazovuta macho ya wengi ni za gorila wa milimani. Wanyama hao, ambao kwa hesabu zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019 walikuwa 1,063 tu, hawaishi porini popote duniani isipokuwa katika nchi tatu jirani: Rwanda, Uganda na Kongo.

Rwanda imeigeuza sifa hiyo kuwa mapato. Tangu mwaka 2017 mgeni kutoka nje ya Afrika hutozwa dola 1,500 za Kimarekani ili akae na gorila kwa saa moja, na wageni wa kundi moja hawazidi wanane. Asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hutengwa kwa ajili ya wananchi wa vijiji vya jirani, ili nao waone faida ya mnyama aliye hai.

Uganda ilipata funzo lake kwa uchungu. Mwezi Machi mwaka 1999, watu wenye silaha waliingia Bwindi kutoka ng'ambo ya mpaka wakawaua watalii wanane wa kigeni na mhifadhi Mganda. Watalii wakaadimika. Serikali ikaimarisha ulinzi wa msitu huo kwa kutumia jeshi, na wageni wakarudi hatua kwa hatua.

Huko Virunga hali imekuwa nzito zaidi. Mwezi Mei mwaka 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa nyara, na askari wa kike aliyekuwa akiwalinda akauawa. Hifadhi ilifungwa kwa wageni hadi Februari mwaka 2019. Mwezi Aprili mwaka 2020, mwaka mmoja tu baada ya picha ile mashuhuri, watu 17 waliuawa katika shambulio karibu na makao makuu ya hifadhi, Rumangabo. Kumi na wawili kati yao walikuwa askari wa wanyamapori. Mwaka 2022 waasi wa M23 waliiteka Rumangabo yenyewe. Kwa jumla, askari zaidi ya 200 wamepoteza maisha wakiilinda hifadhi hiyo.

Hapana shaka kwamba gorila wa Kongo hawapungukiwi uzuri na wale wa Rwanda. Safu ya volkano ni ile ile, na picha zinapendeza sawasawa. Kinachotofautisha ni amani.

Picha nayo haielezi kila kitu. Ndakasi alikuwa yatima kwa sababu mama yake aliuawa na watu wenye silaha mwaka 2007. Naye mwenyewe alikufa mwaka 2021 akiwa mikononi mwa mlezi wake. Askari waliowalea mayatima hao walikuwa na ruhusa ya pekee ya kuwa karibu nao. Mtalii hana ruhusa hiyo, kwa kuwa magonjwa ya binadamu, hata mafua, huweza kumwambukiza gorila. Hata hivyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, walipozichunguza picha 858 za watalii zilizowekwa katika Instagram, waliona mwaka 2021 kwamba katika asilimia 86 ya picha hizo watu walikuwa ndani ya mita 4 kutoka kwa gorila, ilhali kanuni iliyokuwapo ilitaka umbali wa mita 7 au zaidi. Tamaa ya picha ilikuwa imeishinda kanuni, na anayebaki kuisimamia kanuni hiyo ni askari aliye pale.

Lipo jambo jingine la kuangaliwa. Simu nyingi huweza kuhifadhi, pamoja na picha, mahali hasa ilipopigwa. Kinachomwongoza mtalii chaweza pia kumwongoza jangili, na anayetafuta kituo cha walinzi.

Yaliyotokea katika nchi hizo tatu yanaonyesha kwamba sifa huenea kwa siku chache, lakini usalama hujengwa kwa miaka. Fedha za kigeni zinazohesabiwa katika miji mikuu huanzia kwa askari anayekesha mlimani, ambaye mara nyingi hayumo katika picha.