Taarifa za Mgonjwa Zinakwenda Wapi? Daktari, Bima na Serikali

Wapo wagonjwa wanaochelewa kwenda hospitali si kwa kukosa nauli, bali kwa kuhofia kwamba ugonjwa wao utajulikana kijijini. Wengine wana kadi ya bima lakini hulipa fedha taslimu, wakidhani bima itampelekea mwajiri majibu ya vipimo. Katika makala hii tunaeleza taarifa za mgonjwa hupita njia zipi, ili kamati za parokia ziweze kuwaelimisha waumini.

Njia ya kwanza: bima

Tuchukue mfano wa mwalimu kutoka Poli anayetibiwa Nkoaranga, au Mount Meru mjini Arusha. Ni mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Hospitali haiwezi kulipwa bila kuueleza Mfuko ilifanya nini. Kwa hiyo hupeleka madai yenye jina, namba ya kadi, ugonjwa uliogunduliwa, vipimo na dawa. Mgonjwa huthibitisha kwamba amepata huduma hizo. Asikubali kuthibitisha kabla ya kujua kilichoandikwa; kufanya hivyo kunalinda pia michango ya wanachama wote dhidi ya udanganyifu.

Taarifa hizo ni za kulipia matibabu. Mwajiri anayekata mchango kwenye mshahara hapati kwa sababu hiyo haki ya kujua mtumishi wake anaumwa nini.

Njia ya pili: Serikali

Hapa kuna mambo matatu yanayochanganywa.

1. Takwimu. Kila kituo hujaza vitabu vya MTUHA. Kinachopelekwa halmashauri kila mwezi ni hesabu tu: wagonjwa wangapi wa malaria, wajawazito wangapi wamehudhuria kliniki. Majina hubaki kituoni.

2. Magonjwa ya mlipuko. Akipatikana mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kipindupindu, au mtoto aliyepooza ghafla, taarifa hutolewa haraka bila kusubiri mwisho wa mwezi. Hapa mgonjwa hutambulishwa, kwa sababu bwana afya lazima afike nyumbani, aangalie maji na choo, na awalinde majirani. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaelekeza hivyo.

3. Polisi. Aliyepigwa, aliyebakwa au aliyegongwa na gari hujaziwa fomu ya PF3, ambayo daktari huandika majeraha aliyoyaona. Fomu hiyo hutumika kama ushahidi mahakamani.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa kawaida zinahitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Anayeona ameonewa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Suala hili litagusa watu wengi zaidi kutokana na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.

Na sisi je?

Tuseme ukweli: mara nyingi siri haivuji kupitia fomu ya bima. Huvuja mezani petu. Kamati huorodhesha wagonjwa wa kusaidiwa na kuandika ugonjwa mbele ya kila jina. Nesi huulizwa na jirani yake baada ya ibada. Mfadhili huomba picha na historia ya mtoto yatima.

Tunashauri yafuatayo:

- Orodha ya msaada ionyeshe hitaji (chakula, nauli, ada), isitaje ugonjwa.
- Mgonjwa aombwe ruhusa kabla ya kutangazwa kwenye maombi.
- Daftari la wagonjwa wanaotembelewa lifungiwe kabatini, na mtunzaji wake ajulikane.
- Wafadhili wetu wapokee hesabu na matokeo ya kazi, badala ya majina.

Mgonjwa akiamini kwamba siri yake iko salama, atakuja mapema na kutibiwa. Akipoteza imani hiyo, atajificha mpaka hali iwe mbaya, na hapo msaada wetu utakuwa umechelewa.