Upasuaji wa Kuondoa Jicho katika Matibabu ya Retinoblastoma: Suala la Umbali na Wakati kwa Watoto wa Tabora

Makala haya yanafafanua upasuaji wa kuondoa jicho kwa mtoto mwenye retinoblastoma, yaani saratani ya retina, na yanaonesha kwamba kwa mtoto wa Tabora mafanikio ya upasuaji huo hutegemea zaidi muda unaopita kabla hajafikishwa kwa mpasuaji.

Retinoblastoma ni ugonjwa adimu. Humpata mtoto mmoja kati ya takribani 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Chanzo chake huwa ni hitilafu katika nakala zote mbili za jeni ya RB1, iliyomo katika kromosomu ya 13. Mwaka 1971, Alfred Knudson alieleza kuwa mtoto aliyezaliwa na hitilafu ya kwanza huhitaji ya pili tu ili uvimbe uanze. Ndiyo maana watoto wa kundi hili huugua mapema zaidi, mara nyingi katika macho yote mawili. Dalili kuu ni weupe ndani ya mboni. Nyingine ni makengeza.

Uvimbe mdogo huweza kuharibiwa kwa leza, kwa kugandishwa au kwa dawa za saratani. Ukishalijaza jicho, jicho huondolewa. Mtoto akiwa katika nusukaputi, mpasuaji hukata utando unaozunguka konea, hutenganisha misuli inayolisogeza jicho, kisha huikata neva ya optiki mbali na jicho, akikusudia kupata kipande cha milimita 10 hadi 15. Jicho halipaswi kutobolewa, kwani seli zikimwagika huweza kuota upya katika tundu lake. Baadaye mtoto huwekewa jicho la bandia. Neva hupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia: seli za saratani zikionekana kwenye ncha iliyokatwa, ugonjwa umeshautangulia mkasi, na upasuaji pekee hautoshi.

Hapa ndipo umbali unapokuwa suala la tiba. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na reli ya kati ilifika huko mwaka 1912. Hata leo, safari ya reli hadi Dar es Salaam, iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili, huzidi kilomita 800. Aidha, mzazi anayeambiwa kuwa jicho liondolewe ilhali mtoto bado anacheza ana sababu ya kusita. Hata hivyo, muda huo wa kusita ndio saratani huutumia kufuata neva kuelekea ubongo.

Nchini Tanzania, chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na 18, umri ambao ugonjwa huu huweza kuwa umeanza kuonekana. Kwa hiyo, kumulika mboni za mtoto siku ya chanjo na kumsikiliza mama anayesema ameona weupe jichoni ni hatua ya kwanza ya upasuaji wenyewe.