Likizo ya Kisiwani: Tupumzike, Turudi Salama

Katika parokia zetu za Iringa na Mbeya vipo vikundi vya kwaya, vya akina mama na vya familia za jumuiya ambavyo huchangishana kidogo kidogo, kisha husafiri pamoja kwenda pwani kupumzika. Wengine hufika Zanzibar. Wengine huvuka kwenda visiwa vidogo vya Mbudya na Bongoyo, karibu na Dar es Salaam, ambavyo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Huko hakuna ratiba ndefu: watu hukaa kivulini, huogelea, hula samaki na kuzungumza. Pumziko la namna hiyo ni dawa ya mwili na akili. Lakini sisi tuliozoea baridi, tukishateremka Kitonga, tunakutana na hatari tusizozizoea. Mwezi huu tuzitazame.

Homa inayokuja baada ya safari

Hatari kubwa ni malaria. Wenzetu wa Kyela na Usangu wanaifahamu vizuri, lakini wakazi wa Iringa mjini, Mufindi na Makete huumwa na mbu wa malaria mara chache sana, hivyo miili yao haina kinga. Hata aliyezaliwa Kyela, akikaa miaka mingi kwenye baridi, kinga yake hupungua. Kwa watu kama hawa malaria huweza kuwa kali kwa siku chache tu, hasa kwa watoto na akina mama wajawazito.

Mbu wa malaria huuma usiku. Kwa hiyo hatari haiko sana kisiwani mchana, bali katika nyumba tunamolala bara. Kila mmoja alale ndani ya chandarua chenye dawa, na jioni avae nguo ndefu. Wajawazito na wenye selimundu wamwone mganga kabla ya safari.

Tuzingatie hesabu hii. Tangu mbu aume mpaka homa ianze hupita siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki mbili. Basi aliyeumwa Jumamosi usiku huko pwani ataanza kuugua akiwa amekwisharudi nyumbani, na jirani watasema ni mafua ya baridi. Tena, kipimo cha siku ya pili baada ya kurudi kikionyesha hakuna malaria, hakimaanishi kwamba tumepona hatari. Mtu akipata homa wakati wowote ndani ya miezi 3 baada ya safari, aende zahanati siku hiyo hiyo na amwambie mganga: “Nilikuwa pwani.” Maneno hayo mawili yanaweza kuokoa maisha. Akipewa dawa ya mseto, aimalize yote kwa siku 3 hata kama amepata nafuu.

Ipo pia homa ya dengi, inayoletwa na mbu wanaouma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wake mwaka 2014 na tena 2019. Mpaka mganga athibitishe si dengi, tusimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu huweza kuongeza kutoka damu. Parasetamoli inatosha.

Bahari si ziwa

Aliyezoea kuogelea Matema, katika Ziwa Nyasa, asidhani bahari ni hivyo hivyo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufikia mita 3 na zaidi. Mahali ulipotembea asubuhi kwa miguu, mchana panaweza kukuzidi kimo. Tuwaulize wenyeji saa za maji kabla ya kuingia.

Asiyejua kuogelea asipite kiunoni. Watoto wawe na mtu mzima ndani ya maji, anayewafikia kwa mkono. Aliyekunywa pombe akae nchi kavu. Mtu akizidiwa, tusimrukie. Tumtupie kamba au dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri, maana huelea. Akitolewa akiwa hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni mara moja. Asining'inizwe miguu juu.

Chomboni kila mmoja avae jaketi la kuokolea, na tukatae kujazana. Mwaka 1996 meli ya MV Bukoba katika Ziwa Viktoria, na mwaka 2011 Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, zilizama zikiwa zimejaza kupita kiasi, na mamia walikufa.

Tuvae viatu majini. Aliyechomwa na mwiba wa taa au samaki mwingine wa sumu aloweke mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi, kisha apelekwe hospitali.

Jua, maji na chakula

Tusitegemee kupata maji kisiwani. Tubebe ya kutosha kutoka bara, tukinywa hata kabla ya kiu. Mtu akiishiwa nguvu au akiharisha, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mchanga na maji hurudisha mwanga wa jua, kwa hiyo wenzetu wenye ualbino wavae kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, hata wakiwa kivulini.

Samaki tule wa siku hiyo, walioiva. Tusivue na kupika samaki tusiyemjua: bunju ana sumu ambayo moto hauiondoi.

Wenye sukari au shinikizo la damu wabebe dawa za siku zote za safari. Na kiongozi wa kikundi, wiki mbili baada ya kurudi, apite kuuliza kila nyumba: je, kuna mwenye homa?